Minara Miwili: Piga picha, lakini usisahau chokaa!

Vijana wa mjini tukienda Unguja ratiba yetu inajulikana: Forodhani kula urojo na mishikaki, Nungwi kuogelea, picha mbili tatu kwenye mlango wa nakshi, kisha boti ya kurudi Dar. Safari ijayo naomba muongeze kituo kimoja: Minara Miwili.

Hilo ndilo jina la mtaani la Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ndani ya Mji Mkongwe. Kutoka baharini unaiona minara yake waziwazi. Lakini ingia vichochoroni uanze kulitafuta, linapotea! Utazunguka wee, mpaka ghafla ukuta wake unakutokea mbele ya pua.

Mwaka 1863 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja, walewale walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kanisa tunaloliona leo walilijenga miaka ya 1890. Ndani mambo ni mazito: kuta zimechorwa picha za Agano la Kale, na vioo vya rangi vya madirishani pamoja na vigae vya sakafuni vililetwa kutoka Ufaransa. Jua likipenya pale, acha tu!

Sasa tuje kwenye pointi. Mimi nikifika pale natazama kuta kabla ya picha. Majengo ya zamani ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo yana vitundu, yanavuta maji. Chokaa inauacha ukuta upumue: unyevu ulioingia masika unatoka kiangazi. Akija fundi wa haraka haraka na mfuko wa saruji, akapiga plasta, ukuta unapendeza kwa muda, kumbe unyevu umenaswa ndani. Chumvi inafanya kazi yake kimya kimya, plasta inabanduka, na kama kuna mchoro upande wa pili, ndiyo kwaheri!

Wenye kujua wanaanzia juu: paa lisivuje, mifereji isizibe, miche inayoota kwenye nyufa ing'olewe kabla mizizi haijapasua jiwe. Kazi hiyo hakuna anayeipiga picha.

Mnadhani natia chumvi? Tazameni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu yake iliporomoka katikati ya ukarabati, watu wawili wakafa. Pale "usipoziba ufa" haikuwa methali tena.

Wakatoliki wa Unguja ni wachache, mzigo huu ni mkubwa kwao. Lakini minara ile ni sura ya mji mzima, na Mji Mkongwe wote uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

Kwa hiyo ukienda, piga hodi na uvae kiheshima. Ukikuta misa, kamera mfukoni. Michoro usiiguse, maana jasho la mikono linakula rangi. Halafu tumbukiza chochote kwenye sanduku la sadaka, hata hela ya bakuli moja la urojo. Urojo utaisha leo leo. Chokaa ikikandikwa vizuri, wajukuu zako wataikuta.