Je, Wajua? Skrini Tatu, Kadi Moja

Je, wajua kwamba skrini tatu za 1920 kwa 1080, zikiunganishwa ziwe uwanja mmoja wa gemu, zina pikseli 6,220,800? Skrini moja ya 4K ina 8,294,400. Kwa hiyo mwenye tatu za 1080 anaitwisha kadi yake ya grafiki mzigo mdogo kuliko jirani yake mwenye moja ya 4K. Ila abadilishe hizo tatu ziwe za 2560 kwa 1440, hesabu inageuka: pikseli 11,059,200, theluthi nzima juu ya 4K. Wengi huanza na monita, kadi wakaikumbuka baadaye, gemu likishaanza kukwamakwama.

Je, wajua kwamba wengi wenye skrini tatu hawachezi kwenye tatu? Gemu liko katikati, Discord kushoto, mpira wa YouTube kulia. Hapo kadi haielemewi kama watu wanavyodhani. Picha moja iliyokamilika ya 1080 huchukua takribani megabaiti 8 tu za kumbukumbu ya kadi. Gigabaiti zinazojaa ni za kuta, nyasi, nguo na nyuso za wahusika ndani ya gemu. Kinacholiwa na hizo skrini za pembeni ni RAM na muda wa prosesa, kwa sababu kivinjari chenye kurasa ishirini ni mlaji kweli. Kama bado uko kwenye RAM ya GB 8, usiulize bei ya kadi kwanza. Nenda 16.

Na RAM yenyewe: vijiti viwili vya GB 8 kwa kawaida hushinda kijiti kimoja cha GB 16, maana prosesa inasoma njia mbili kwa wakati mmoja. Tena, vijiti vya DDR4 vilivyoandikwa 3200 mara nyingi hukimbia kwa 2133 au 2400 mpaka mwenyewe uingie kwenye BIOS na kuwasha XMP. Kuna watu wamelipia kasi hiyo na hawajaionja hata siku moja.

Je, wajua kwamba monita ya hezi 144 inaweza kukaa mwaka mzima ikifanya kazi kwa hezi 60? Windows isipoambiwa, mara nyingi hubaki hapo. Fungua mipangilio ya skrini uangalie. Halafu chungulia nyuma ya kompyuta: kebo imechomekwa kwenye kadi, au kwenye madabodi? Maboresho haya mawili hayana bei, na mafundi wanayakuta kila leo.

Jaribio la kufanya kabla ya kufungua pochi: shusha ubora wa gemu hadi 1280 kwa 720, cheza palepale ulipokuwa. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyozidiwa. Zikibaki zilivyokuwa, prosesa ndiyo imefika mwisho, na kadi mpya itakuwa imekaa tu ikingoja kazi. Wanaocheza magemu ya kurusha ndege walifanye hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Skrini za pembeni hupanua upeo wa macho, vitu vya kuchora vinaongezeka, na prosesa nayo inabeba sehemu yake.

Je, wajua kwamba AMD walitoa soketi ya AM4 mwaka 2016, na Aprili 2022 wakaleta prosesa ya Ryzen 7 5800X3D inayoingia kwenye soketi hiyo hiyo? Ina megabaiti 96 za kashe ya ngazi ya tatu. Ndugu yake 5800X ana 32. Saa yake ni ya polepole kidogo, lakini kwenye magemu mengi inamwacha ndugu yake. Mwenye madabodi ya 2017 iliyopata BIOS mpya aliweza kubadilisha prosesa tu, asiguse RAM wala ubao. Kwa maoni yangu haya ni miongoni mwa maboresho bora kuwahi kutokea katika ulimwengu wa kompyuta za gemu.

Kadi ya Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022, ina matundu mawili tu ya skrini. Mawili! Juu ya hapo ina kumbukumbu ya GB 4 na njia nne tu za PCIe, kwa hiyo kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 kasi ya mawasiliano yake hupungua kwa nusu. Mwenye skrini tatu ahesabu matundu kabla ya kuhesabu fremu. Adapta za USB za kuongeza skrini zipo, lakini nyingi huitumia prosesa kubana picha: kwa WhatsApp zinatosha, kwa gemu hapana.

Je, wajua kwamba Doom ya 1993 iliwahi kuchezwa kwenye skrini tatu? Toleo la 1.1 liliruhusu kompyuta tatu kuungwa kwa mtandao, moja ikionyesha mbele, moja kushoto, moja kulia. Toleo la 1.2 likaiondoa njia hiyo. Mwaka 2002 Matrox wa Kanada wakaleta Parhelia, kadi moja ya kuendesha gemu kwenye skrini tatu. 2009 AMD wakafuata na Eyefinity. NVIDIA walipoingia 2010 walidai chipu mbili za grafiki, hadi GTX 680 ya 2012 ilipoifanya kazi hiyo peke yake.

Kuna magemu ambayo hakuna pesa itakayoyasaidia. Elden Ring ya 2022 imefungiwa fremu 60 kwa sekunde na umbo la 16 kwa 9. Pembeni utapata weusi mtupu. Mengine yanapanuka lakini picha za pembeni huvutika, magari yakawa marefu kama treni. iRacing hulitibu hilo kwa kuchora mitazamo mitatu tofauti, mmoja kwa kila skrini, na kazi hiyo ina gharama yake kwenye fremu.

Je, wajua kwamba kadi mpya si lazima ile umeme zaidi? RTX 3060 ni ya wati 170, RTX 4060 ni 115. Upande wa pili yupo RTX 5090 wa 2025, wati 575, na NVIDIA wenyewe wanashauri pawasapulai ya wati 1000. Kadi pia hula umeme hata gemu likiwa limezimwa: ukichanganya skrini ya hezi 144 na ya hezi 60, kumbukumbu ya kadi mara nyingine hukataa kupumzika. Jaribu kuishusha ile ya 144 hadi 120.

Mwisho, kwa walio kwenye mitaa ambayo umeme hukatika bila taarifa: UPS iliyoandikwa VA 650 haibebi wati 650. Kwa kawaida ni chini ya 400, na kompyuta ya gemu ikiwa kazini inaweza kuzimaliza zote. Chomeka humo kompyuta na skrini ya katikati, upate dakika za kuhifadhi gemu na kuzima. Skrini za pembeni zichomeke ukutani.