Potasiamu ya ndizi na mlango unaoikataa chumvi

Sufuria ya ndizi na maharage inayotokota Kayanga au Nkwenda ina ndugu wawili wa ukoo mmoja. Potasiamu imetoka kwenye ndizi na maharage, sodiamu kwenye chumvi. Katika jedwali la elementi wamo safu moja, na tabia zao zinafanana sana. Mwili huwatofautisha kwa ukubwa.

Atomu hupimwa kwa pikomita, yaani mita moja ikigawanywa kwa trilioni. Nusu kipenyo cha sodiamu ni 186. Potasiamu iliyo chini yake ina 227, kwa kuwa imeongezewa tabaka la elektroni. Ukishuka safu, atomu hunenepa. Ukielekea kulia, kwa kawaida husinyaa: tabaka ni lilelile, ila protoni za kwenye kiini huongezeka na kuzivuta elektroni karibu zaidi. Madini ya bati yanayochimbwa Kyerwa ni ushahidi mzuri. Atomu ya bati ina matabaka matano na sodiamu matatu, lakini bati lina protoni 50 dhidi ya 11, ndiyo maana ni pikomita 140 hivi tu.

Mwilini kila ndugu amepoteza elektroni moja, akawa ioni ndogo zaidi: sodiamu 102, potasiamu 138. Seli za moyo na za mishipa ya fahamu zina vijilango vya potasiamu, na ajabu ni kwamba vinamkataa aliye mdogo! Ioni hutembea imezungukwa na maji, na kupita ni lazima iyavue. Potasiamu ikiyavua, hupokewa na atomu za oksijeni za kuta za mlango, zilizokaa kwa umbali uleule wa maji iliyoyaacha. Sodiamu ni ndogo mno kushikwa hivyo, basi hubaki nje na maji yake. Roderick MacKinnon wa Marekani alionyesha umbo la mlango huo mwaka 1998, akatunukiwa Nobel ya Kemia 2003.

Mapigo ya moyo yanategemea mlango huo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, na potasiamu isiyopungua miligramu 3,510. Basi punguza chumvi, na mchuzi wa ndizi usiumwage, maana sehemu ya potasiamu imo humo. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza: potasiamu ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama.