Kodi ya Mapato kwa Mwenye Nyumba za Kupangisha

Wazee wa Kenya waliifahamu sana kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1901. Kodi ile ilihesabu nyumba yenyewe, na mwenyewe alilipa hata kama haikumletea fedha yoyote. Kodi ya mapato, iliyoanza kutozwa nchini mwaka 1937, ni jambo jingine. Hiyo haiulizi mtu ana nyumba ngapi, bali nyumba hizo zimemletea fedha kiasi gani. Asiyeelewa tofauti hiyo huogopa bure, au hukaa kimya mpaka adhabu zimzidi.

Chukulia mfano wa karani mwenye mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi. Amejenga vyumba 5 pembeni mwa mji, na kila kimoja hupangishwa kwa shilingi 6,000. Pango lake ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Kwa kuwa mwajiri humkata kodi katika mshahara, hudhani hadaiwi tena. Hapo ndipo anapokosea.

Kiasi cha kulipa

Tangu Januari 2024, mkaazi wa Kenya anayepata pango la nyumba za kuishi zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka, lakini lisilozidi milioni 15, hutozwa shilingi 7.50 katika kila mia. Kuanzia mwaka 2016 mpaka mwisho wa 2023 ilikuwa shilingi 10. Karani wetu basi atalipa shilingi 2,250 kwa mwezi. Chumba kimoja kikiwa kitupu, pango lishuke hadi 24,000, kodi itakuwa shilingi 1,800.

Hesabu hupelekwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kwa njia ya iTax, na fedha hulipwa, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Pango lililokwisha kulipiwa hivyo halitozwi tena katika hesabu ya mwaka.

Gharama na hiari ya mwenye nyumba

Katika mpango huu kodi hutozwa juu ya pango lote. Bei ya mabati, ujira wa fundi na riba ya mkopo havipunguzwi. Lakini mwenye nyumba ana hiari ya kumwandikia Kamishna kwamba hataki mpango huo, ili pango lake litozwe kwa mwaka baada ya kuondoa gharama zinazokubaliwa.

Yafaa apige hesabu kwanza. Gharama za karani zikiwa 300,000, hubaki 60,000; kwa mshahara wake, kodi ya salio hilo ni 30 katika mia, yaani shilingi 18,000, badala ya 27,000 za mpango wa kila mwezi. Lakini gharama zikiwa 100,000 tu, kodi yake itafika shilingi 78,000.

Mwenye pango lisilozidi 288,000 asijidanganye kwamba amesamehewa. Yeye hulionyesha katika hesabu ya mwaka pamoja na mapato yake mengine. Ndivyo ilivyo pia kwa pango la maduka na ofisi.

Hesabu ya mwaka

Kila mwenye mshahara anayekatwa kodi yampasa kupeleka hesabu ya mwaka uliopita kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Amwombe mwajiri hati ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, na asiandike kwamba hakupata kitu hali alikuwa kazini. Mtu binafsi anayechelewa hutozwa shilingi 2,000, au 5 katika mia ya kodi inayodaiwa, kwa kufuata kilicho kikubwa zaidi. Kodi isiyolipwa kwa wakati huongezwa adhabu ya 5 katika mia, na riba ya 1 katika mia kwa kila mwezi.

Dawa ya yote ni daftari. Kila mwezi mwenye nyumba aandike jina la mpangaji, chumba, fedha iliyopokelewa na tarehe. Na risiti za saruji, rangi na fundi azitunze pamoja. Siku atakapoulizwa, atajibu kwa maandishi wala si kwa kukisia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.