Kuvunjika kwa Bawa si Mwisho wa Mchezo

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa mwingine ukisema ati vichezeo ni vya watoto wa chekechea, hebu nipe dakika kumi tu. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachozungushwa kwa viganja au kwa uzi, kikaachiliwa, kikapaa juu kama helikopta, kisha kikashuka polepole. Wengi wetu tumewahi kukirusha. Wachache mno tumewahi kujiuliza kwa nini kinaruka, na kwa nini cha jirani kinaruka kuliko chetu.

Vile vinavyouzwa madukani ni vya plastiki, kipande kimoja kuanzia juu hadi chini. Bawa likivunjika, basi, kitu chote ni takataka. Na vile tunavyojiundia nyumbani huwa tunavigandisha kwa gundi, kila kitu kikae pale milele. Kikikataa kuruka tunakilaumu, tunakitupa, tunaunda kingine kwa kubahatisha. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi nasema kuvunjika kwa bawa kusiwe mwisho wa mchezo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuunda kichezeo ambacho kila kiungo chake kinaweza kuchomolewa, kugeuzwa na kubadilishwa. Kichezeo cha namna hiyo hakikupi raha tu, kinakujibu ukikiuliza swali.

Asili yake

Kichezeo hiki ni cha zamani sana. Wachina walikichonga kwa mwanzi karne nyingi zilizopita, na jina walilokipa maana yake ni "kereng'ende wa mwanzi". Jina hilo limenipendeza, kwa hivyo nitaliazima. Nani hapa Kakamega hajamwona kereng'ende akielea juu ya kidimbwi baada ya mvua?

Mwaka wa 1784 Wafaransa wawili, Launoy na Bienvenu, waliwaonyesha wataalamu wa nchi yao kichezeo cha aina hii kilichokuwa na manyoya ya ndege badala ya mabawa ya mti. Miaka ya 1870 Mfaransa mwingine, Alphonse Pénaud, aliunda chake kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Mwaka wa 1878 mzee mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe kichezeo cha aina hiyo. Wilbur alikuwa na umri wa miaka 11 na Orville miaka 7. Walikirusha mpaka kikavunjika, kisha wakaanza kujiundia vyao. Walipojaribu kuunda vikubwa zaidi waliona ajabu: kadiri walivyoongeza ukubwa, ndivyo vilivyokataa kuruka vizuri. Swali hilo halikuwatoka akilini. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao wawili walirusha ndege yao ya kwanza yenye injini.

Lakini sikiliza jambo ambalo husimuliwa mara chache. Mwaka wa 1901, ndege zao zisizo na injini zilipokuwa zikiwasumbua, ndugu hao waliunda sanduku refu lenye feni ya kuvuma upepo ndani yake. Wakakata mabawa madogo ya bati, zaidi ya 100, yenye maumbo mbalimbali. Walilitia moja, wakapima, wakaandika, wakalitoa, wakatia jingine. Mabawa yalikuwa yakibadilishwa, sanduku na vipimo vilibaki vile vile. Huo ndio ufundi tunaoutaka.

Viungo vinne

Sasa tuunde kereng'ende wetu. Vifaa havihitaji pesa nyingi: slipas iliyokatika, mwanzi, chupa ya plastiki, uzi, gundi, na mpira mwembamba wa vali ya baiskeli ambao fundi yeyote wa baiskeli anao. Viungo ni hivi:

1. Kitovu. Hiki ndicho moyo wa kichezeo. Kata duara mbili upana wa sentimita 4 kutoka kwenye kisigino cha slipas, uzigandishe moja juu ya nyingine. Slipas ni nyepesi, nayo hushika kijiti kwa nguvu bila gundi. Katikati toboa tundu la mhimili. Kisha toboa matundu mawili yanayopenya kitovu kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, moja likipita kulia kwa mhimili na jingine kushoto, kila moja sentimita 1 kutoka katikati.

2. Mhimili. Ni kijiti cha mwanzi chenye urefu wa sentimita 18 na unene wa milimita 5. Kichonge kiwe kinene kidogo upande wa juu, kisha kipenyeze kitovuni kutoka juu kuelekea chini mpaka kikaze. Kile kichwa kinene kitakizuia kitovu kisichomoke mabawa yanapovuta kwenda juu.

3. Mabawa. Kata kutoka kwenye chupa ya plastiki, au karatasi ngumu ya boksi. Upana uwe sentimita 2 na nusu. Usitosheke na jozi moja. Tengeneza jozi tatu: moja ya urefu wa sentimita 6, nyingine 8, nyingine 10. Kila bawa ligandishwe kwenye kijiti chake chembamba kama cha mshikaki. Kijiti hicho kipite kitovuni, kitokee upande wa pili, na kwenye ncha yake uvike pete ya mpira wa vali. Pete hiyo ni ndogo lakini usiidharau: kereng'ende akizunguka kwa kasi, mabawa hutaka kuruka nje, nayo ndiyo inayoyazuia. Ukitaka kubadilisha bawa, vua pete, chomoa, tia jingine. Ni kazi ya nusu dakika.

4. Kirushio. Chukua kipande cha mwanzi chenye tundu pana kuliko mhimili kidogo tu. Ukisimamisha mhimili ndani yake, kitovu kikae juu na nafasi ya vidole viwili ibaki ya kuzungushia uzi. Uzi uwe wa sentimita 60. Uuzungushe bila kuufunga fundo, kisha uuvute kwa mkupuo mmoja.

Kwa nini uzi na si viganja? Piga hesabu. Mhimili wa milimita 5 una mzingo wa takriban milimita 15.7. Gawanya milimita 600 za uzi kwa 15.7, utapata mizunguko 38 katika mvuto mmoja. Viganja vyako havina urefu wa kukupa hata nusu ya mizunguko hiyo. Tena mikono hutofautiana, leo umechoka, kesho una nguvu. Uzi nao una urefu ule ule kila siku.

Mwinamo ndio siri

Bawa lililolala sawasawa kama meza halipandishi kitu. Linakata hewa tu. Bawa likiinama kidogo husukuma hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Newton alitufundisha kwamba kila msukumo hujibiwa na msukumo ulio sawa nao, wa kinyume. Lakini ukizidisha mwinamo, bawa hugeuka kuwa kasia: linapigana na hewa badala ya kuipanda, mzunguko unakufa upesi, na kereng'ende anaanguka kama jiwe. Kati ya kutoinama na kuinama mno pana mahali pazuri. Ni wapi hasa? Usinitegemee mimi. Muulize kereng'ende wako.

Kwa sababu vijiti vya mabawa vimeshikwa na slipas, unaweza kuvisokota kwa vidole. Chukua kipimapembe chako, kile kinachozeeka ndani ya kisanduku cha hesabati, na kwa kalamu uchore mistari kwenye ubavu wa kitovu kuonyesha digrii 10, 20 na 30. Tia alama kwenye kila kijiti ili ujue bawa limeelekea wapi. Hakikisha mabawa mawili yana mwinamo sawa, yakielekea kinyume yakitazamwa kutoka upande mmoja. Moja likiinama kuliko lenzake, kereng'ende atayumba kama mlevi.

Hapa pana faida nyingine. Anayetumia mkono wa kushoto akiuzungusha uzi kinyume, kichezeo cha dukani humrudia mkononi badala ya kupaa. Huyu wetu anasokotwa tu mabawa upande wa pili, na mwenye mkono wa shoto anacheza sawa na wenzake.

Uzito nao una neno lake. Zungusha uzi mara chache kwenye ncha za mabawa yote mawili, kiasi sawa. Utaona ni vigumu zaidi kumwanzisha, lakini akishachangamka haachi upesi, mfano wa gurudumu la cherehani ya kukanyaga. Ukizidisha, atashindwa kujiinua. Mhimili nao ukiwa mfupi mno, anakosa utulivu.

Badilisha kitu kimoja

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Tuseme jana ulitumia mabawa ya sentimita 6 kwa digrii 10. Leo umetia ya sentimita 8 na ukaongeza mwinamo hadi digrii 20, naye amekaa hewani muda mrefu zaidi. Utamshukuru nani, urefu au mwinamo? Hujui. Huenda mmoja ulisaidia na mwingine ukaharibu. Kwa hivyo sheria ni moja: badilisha kitu kimoja, vingine vyote viache kama vilivyo.

Fanyeni kazi watu watatu. Mmoja arushe, mmoja ashike saa, mmoja aandike. Kila mpango urushwe mara tano, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati. Jumlisha sekunde, ugawanye kwa tano, uandike wastani. Anzeni na jozi ya sentimita 8, mjaribu digrii 10, 20 na 30. Mkishajua mwinamo bora, uacheni hapo hapo, mbadilishe urefu. Kisha uzito. Kisha, mkitaka, undeni kitovu cha pili chenye matundu manne mjaribu mabawa manne. Rusheni asubuhi hewa ikiwa imetulia. Mnajua wenyewe saa za alasiri hapa kwetu: upepo, radi, halafu mvua, na vipimo vyote vimeharibika.

Tahadhari: rushieni uwanjani, si bwenini. Kirushio kiwe mbali na uso, na yeyote asiinamie kutazama. Mabawa yasiwe ya bati wala wembe. Jicho halina la akiba.

Kakamega na hewa yake

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 14. Maana yake ni kwamba bawa lile lile, kwa kasi ile ile, hubeba uzito mdogo zaidi huku kuliko Pwani. Binamu yako wa Likoni akikuandikia vipimo vyake, usivinakili tu. Vijaribu kwanza.

Ukidhani hilo ni jambo dogo, fikiria Mirihi. Hewa ya sayari hiyo ni kama asilimia 1 tu ya yetu. Tarehe 19 Aprili 2021 helikopta ndogo ya Marekani iitwayo Ingenuity ilipaa huko. Uzito wake ulikuwa kilo 1.8 tu, lakini rafadha zake zilikuwa na upana wa mita 1.2, nazo zilizunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Iliruka mara 72, na safari zake zikakoma Januari 2024 baada ya mabawa yake kuharibika. Huko juu hapakuwa na mtu wa kuvua pete ya mpira na kutia bawa jingine. Sisi tunaye.

Neno la mwisho

Mwenzangu mmoja bwenini aliniuliza, "Kwani mambo ya fizikia yanafanya nini katika gazeti la Chama cha Kiswahili?" Jibu langu ni hili: nimetaja kitovu, mhimili, bawa, mwinamo, mzingo na kirushio, naye alielewa bila kufungua kamusi. Lugha yetu inatosha. Tunachokosa ni kuitumia.

Katika maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari, mwamuzi haulizi tu, "Kinafanya kazi?" Anauliza, "Kwa nini umechagua mabawa ya urefu huu?" Mwenye kichezeo kilichogandishwa kwa gundi atajikuna kichwa. Mwenye kereng'ende anayefunguka atafungua daftari, aonyeshe safu za sekunde zake, kisha achomoe bawa moja na kutia jingine mbele ya macho ya mwamuzi. Mcheza kwao hutuzwa, lakini atuzwaye ni yule anayejua kwa nini amecheza hivyo.

Slipas zilizokatika hazikosekani nyuma ya mabweni. Haya basi, kazi kwenu.