Ya Nini Magitaa Manne?

Huulizwa mara kwa mara, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu, ya nini mtu mmoja kuwa na magitaa manne. Swali hilo nimelisikia hapa Rongo kwa majirani, kwa watu wa nyumbani mwangu, na hata kwa kijana wa bodaboda aliyenibebea la mwisho kutoka stendi. Mwenye ng'ombe wanne haulizwi. Mwenye mashamba manne ya miwa huitwa mkulima hodari. Lakini mwenye magitaa manne, hasa akiwa mtu mzima mwenye mvi, hutazamwa kama aliyepungukiwa na akili. Nimeona heri nilijibu swali hilo hadharani, kwani ndani yake mna jambo linalonizidi mimi na vyombo vyangu.

Kwanza msomaji aelewe kuwa benga, muziki uliokulia katika nchi hii ya ziwa, haupigwi kwa gitaa moja. Lipo la solo, ambalo nyuzi zake hudonolewa mojamoja kwa mwendo uliorithiwa kutoka kwa nyatiti, ala ya jadi ya Waluo yenye nyuzi nane. Lipo la ridhimu. Lipo la besi, ambalo katika benga halisimami nyuma kama mtumishi, bali hurukaruka na kujibizana na solo. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Shirati, ng'ambo ya mpaka wetu na Tanzania, aliijenga Shirati Jazz juu ya majibizano hayo hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Kule Kinshasa, Franco wa OK Jazz hakutosheka na matatu; aliingiza la mi-solo, likae kati ya solo na ridhimu. Mimi ninayo hayo matatu ya benga. La nne ni gitaa kavu lisilotumia umeme, la mtu mmoja na kivuli chake, kama walivyopiga Jean Bosco Mwenda wa Katanga na George Mukabi wa Kisa katika miaka ya 1950.

Kuyanunua si kazi kubwa. Kazi ni kuyatunza. Nyuzi sita za chuma za gitaa kavu huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, usiku na mchana, hata mwenyewe akiwa amelala. Mbao nayo hunywa unyevu. Mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, kifua cha gitaa hufura na nyuzi huinuka mpaka vidole vikalia. Na jua la Januari likipiga mabati, mbao hukauka, gundi huachia, na ufa huanza pole pole. Ndiyo maana magitaa yangu hayatundikwi kwenye ukuta wa nje, wala hayakai chumba kimoja na jiko. Kila moja lina mfuko wake ndani ya kabati lililoinuliwa kutoka sakafuni, kwa kuwa mchwa wa huku hawajui tofauti ya gitaa na kuni. Jasho la mkono lina chumvi, nayo chumvi huleta kutu. Basi nyuzi hupanguswa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Ndani ya shingo ya gitaa la kisasa mna ufito wa chuma unaokazwa kwa ufunguo mdogo. Robo ya mzunguko hutosha. Anayezungusha zaidi kwa pupa ataivunja shingo, kisha atamlaumu aliyemwuzia.

Wazee wetu walifunga waya wa breki za baiskeli pale nyuzi zilipokosekana, na bado walichezesha watu mpaka alfajiri. Nawavulia kofia. Hata hivyo waya ule huvila vile vyuma vya shingoni kama panya alavyo mahindi, na mtu anayeweza kupata nyuzi halali Kisumu hana sababu ya kuuiga umaskini wa jana.

Sasa nije kwenye shina la maneno. Katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Magitaa yalikuwa ya chama na wapigaji waliajiriwa. Katika bendi zetu za benga, vyombo aghalabu huwa vya kiongozi au tajiri fulani. Mpigaji aliyelitumikia gitaa miaka 10 huondoka mikono mitupu siku anapokosana na mwenyewe. Basi mwenyewe naye akifa, je? Nimeshuhudia hayo katika boma moja lisilo mbali na hapa. Matanga yalipokwisha, solo ilikwenda nyumba ya kwanza, besi nyumba ya pili, na spika zikawa za kukodisha katika mikutano ya siasa. Hakuna aliyedhulumiwa, kila mmoja alipata fungu lake. Lakini bendi iliyokuwa imelisha watu saba ilikwisha siku hiyo, pasipo ugomvi wowote.

Wapo watakaosema kuwa siku hizi mtu mmoja na kinanda chake hutosha kwa harusi na matanga. Simchukii mtu wa kinanda. Naye anatafuta unga. Nasema tu kwamba kinanda hakiwafundishi vijana watatu kusikilizana, na hilo ndilo linalonifanya niyaazime magitaa yangu. Masharti yangu ni machache: anayekata uzi anunue mwingine, na gitaa lirudi limepanguswa. Kijana mmoja aliniambia kwa heshima, "Mwalimu, hili la besi linakaa tu." Nikamjibu kuwa halikai, linapumzika, lakini Jumamosi iliyofuata nilimpa.

Kwa sababu hiyo nimeandika wosia mbele ya mashahidi. Magitaa manne na kikuza sauti chake ni kitu kimoja, hayagawanywi, hayauzwi mojamoja, na yatakuwa mikononi mwa yule anayeyapiga. Wazee wawili walinikanya, wakisema mila ya Mjaluo ni wana wa kiume kurithi. Nikawakumbusha kuwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika nchini mwaka 1981, haimbagui binti. Tena wanangu wa kiume hawajui hata kulinganisha sauti za nyuzi. Anayepiga besi nyumbani ni binti yangu wa tatu. Yeye ndiye atakayeshika ufunguo wa kabati. Ndugu zake wamekubali, mmoja wao kwa shingo upande, na mama yao ametia kidole gumba.