Msamiati wa Siasa katika Kiingereza na Hatari ya Maneno Yanayofahamika

Mwanafunzi wa Kongo anayejifunza Kiingereza baada ya Kifaransa hupata nafuu kubwa katika msamiati wa siasa. Maneno kama “parliament”, “government” na “minister” yaliingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa baada ya Wanormandi kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, na hadi leo yangali na sura ya asili yao. Nafuu hiyo ndiyo mtego. Neno geni kabisa humlazimu msomaji kufungua kamusi. Neno lenye sura ya jamaa hupita bila kuulizwa.

Tuchukue “cabinet”. Nchini Kongo, kama Ubelgiji, neno hilo hutaja hasa ofisi ya wasaidizi wanaomzunguka waziri mmoja. Uingereza, ni Baraza zima la Mawaziri. Gazeti la London likiandika kwamba “Cabinet” imegawanyika, mfasiri anayeongozwa na Kifaransa atadhani makarani wa waziri fulani wamegombana, kumbe serikali yenyewe yatikisika. Hali kadhalika “administration”: kwa Kifaransa ni utumishi wa umma unaodumu, mjini Washington mara nyingi ni serikali ya rais aliyepo, nayo huondoka pamoja naye. Huko Washington, “Secretary of State” si katibu bali ni waziri wa mambo ya nje.

Kuna mahali ambapo Kiswahili humwokoa msomaji. Kifaransa kina “politique” tu pale Kiingereza kinapotenga “politics” na “policy”. Kiswahili sanifu nacho kina siasa na sera. Kwa bahati mbaya, katika mazungumzo ya Kongo “politiki” humeza yote mawili, na neno sera husikika kwa nadra.

Neno linalostahili uangalifu zaidi ni “impeachment”. Asili yake, kupitia Kifaransa cha kale, ni neno la Kilatini lenye maana ya kufunga miguu kwa pingu: mshtakiwa amezuiwa, hajaangushwa. Katika Katiba ya Marekani, Baraza la Wawakilishi humshtaki rais kwa kura za wingi wa kawaida. Kisha Seneti humhukumu, na theluthi mbili za kura zahitajika ili aondolewe. Andrew Johnson alishtakiwa mwaka 1868 akaokoka kwa kura moja tu. Bill Clinton alishtakiwa Desemba 1998, Seneti ikamwachilia Februari 1999. Donald Trump alishtakiwa mara mbili, mwaka 2019 na mwaka 2021, na mara zote mbili hakutiwa hatiani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeondolewa kwa njia hiyo. Basi kutafsiri neno hili kwa “kumwondoa madarakani” si kosa la mtindo, ni kosa la ukweli: msikilizaji wa redio hudhani ameanguka mtu ambaye angali ikulu. “Kumshtaki mbele ya Seneti” ni maneno marefu, lakini hayadanganyi. Kitenzi “kumbandua”, kilichozoeleka katika magazeti ya Kenya, chafaa pale Seneti ya huko inapothibitisha mashtaka, kama ilivyotokea Oktoba 2024 kwa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, kwa kuwa kura hiyo humwondoa mtu kazini. Kwa hatua ya kwanza peke yake, chapita kiasi.

Hata wenye Kiingereza wenyewe hutegana. Katika bunge la London, “to table” jambo ni kuliwasilisha lijadiliwe. Katika Kongresi ya Washington, ni kuliweka kando. Winston Churchill, katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, asimulia jinsi maafisa wa Uingereza walivyotaka waraka fulani ushughulikiwe kwa haraka, wakatumia kitenzi hicho mbele ya wenzao wa Marekani. Wamarekani wakapinga, wakiona kwamba jambo hilo ni zito mno kufichwa. Wakabishana kwa muda mrefu, na kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walikuwa wakitaka jambo lile lile.