Je, Wajua? Lami Inayopunguziwa Moto

Njia mojawapo ya kurukia ndege ya uwanja wa Frankfurt, Ujerumani, ilijengwa upya usiku kwa usiku mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mchana ndege ziliendelea kutua kama kawaida. Mafundi walikuwa na saa saba na nusu tu: kufukua kipande, kumwaga lami yenye unene wa karibu sentimita 60, kuishindilia na kuondoka. Asubuhi ndege zilikanyaga lami yenye joto la nyuzi 85!

Siri ilikuwa nta. Ile waliyoitumia ni ya kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini. Huyeyuka kwenye nyuzi 100 hivi na kuifanya lami iwe nyepesi, kisha ikipoa huganda na kuikaza.

Kwa kawaida lami na kokoto huchanganywa kwenye nyuzi 150 hadi 180, kwa kuwa lami iliyopoa huwa nzito: haizipaki kokoto vizuri, wala rola haiwezi kuishindilia ipasavyo. Ukipata njia nyingine ya kuilainisha, unaweza kupunguza nyuzi 20 hadi 40. Moto unaobaki bado unababua.

Njia nyingine ni maji. Mwaka 1956, Profesa Ladis Csanyi wa Iowa, Marekani, alipuliza mvuke ndani ya lami ya moto, ikaumuka povu. Leo hutumika maji baridi kidogo tu, nayo lami hufura kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji. Tone likigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700.

Faida ya kwanza ya kupunguza moto ni mafuta machache ya kuwashia mtambo. Mimi ningeanza na kifua cha fundi: wataalamu hukadiria kwamba moshi wa lami huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 hadi 12 zinazopanda. Lami isiyounguzwa sana pia haizeeki mapema, na lori linaweza kuisafirisha mbali zaidi kabla haijawa nzito mno kushindiliwa.

Lakini moto mdogo una hila yake. Kokoto zisipokauka sawasawa, unyevu hujificha chini ya lami, na baadaye magari huanza kuzing'oa moja moja. Ndiyo maana baadhi ya wakandarasi huongeza chokaa ili lami ing'ang'anie.